Mizani ya Wapiga Gita

Kabla ya kupima mzigo, kagua mizani. Mwenye duka anayepunja haponzwi na unga wake. Siri yake imo katika jiwe la kupimia. Nimeanza na maneno haya ya sokoni kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikisomewa majina ya wale waitwao wapiga gita bora wa zama zote, na kila mara najikuta nataka kuliona kwanza jiwe lililotumika kuwapima.

Orodha hizo msomaji anazijua. Hutungwa Marekani na Uingereza, na waandishi wa magazeti ya huko wakishirikiana na wanamuziki wa huko, na zikitua kwetu hupokewa kama matokeo ya mtihani wa taifa. Hakuna anayeomba karatasi zisahihishwe upya. Kijana wa Dar es Salaam au Mombasa anayejifunza gita atakutajia kumi bora kwa mpangilio, wa kwanza hadi wa kumi, bila kukwama. Mwulize ni nani aliyecharaza gita katika wimbo uliochezwa usiku kucha siku mama yake alipoolewa, atakukodolea macho kana kwamba umemwuliza nasaba ya wafalme wa Uchina.

Nieleweke vizuri. Sina ugomvi na waliomo. Jimi Hendrix, aliyefariki London mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 27 tu, alilifanya gita la umeme lilie, lingurume na kunong'ona kwa namna ambayo hakuna aliyeisikia kabla yake. Sijapata kusikia hoja ya maana ya kumwondoa. B. B. King alikuwa na uwezo wa kushika uzi mmoja, akautetemesha kidogo, na mtu mzima akainamisha kichwa. Django Reinhardt aliungua katika ajali ya moto mwaka 1928, akabaki na vidole viwili tu vya kutegemea katika mkono wa kushoto, na bado wenye vidole vyote hawakumfikia. Watu hawa ni wakubwa. Anayetaka kuwashusha ili wetu wapande ana wivu, na wivu haujawahi kupiga gita.

Ugomvi wangu uko kwenye yale maneno matatu: wa zama zote. Mtu akisema "hawa ndio niwapendao", amesema kweli na sina neno. Akisema "hawa ndio bora wa nchi yetu", tunaweza kumsikiliza. Lakini akisema zama zote na dunia nzima, amejitwisha deni. Lazima atuonyeshe kwamba alisikiliza. Huwezi kuwa hakimu wa kesi ambayo upande mmoja hukuuita mahakamani.

Tuchukue mfano ulio maarufu kuliko yote. Mwaka 2003 gazeti la Rolling Stone la Marekani lilichapa orodha ya wapiga gita 100. Wa kwanza alikuwa Hendrix. Wanawake walikuwa wawili kati ya mia, Joni Mitchell na Joan Jett. Afrika ilipewa kiti kimoja, nambari 76, akakalishwa Ali Farka Touré wa Mali. Kiti hicho alikistahili, na kwa maoni yangu alistahili cha mbele zaidi. Lakini hebu tafakari, ndugu msomaji. Kuanzia Dakar hadi Mombasa, kuanzia Kinshasa hadi Cape Town, katika bara ambalo gita limeingia kila mji wenye reli, kila mgodi na kila baa, alionekana mmoja.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2023, gazeti hilo hilo lilitoa orodha nyingine, safari hii ya majina 250. Ndani yake Sister Rosetta Tharpe, mama wa Kimarekani mweusi aliyekuwa akiimba nyimbo za dini huku akicharaza gita la umeme, amewekwa nambari 6. Wa sita kati ya 250! Katika ile ya mwaka 2003 hakuwamo hata katika mia. Sasa, mama huyo alifariki mwaka 1973. Ni kitu gani alichokipiga kati ya mwaka 2003 na mwaka 2023 hata akaruka kutoka nje ya mlango mpaka meza ya mbele? Hakupiga chochote. Vidole vyake vilikuwa vimemaliza kazi yao miaka 50 nyuma. Kilichobadilika ni masikio ya wapimaji.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza, na mpaka leo sijapata mtu wa kuipangua. Ikiwa mtu aliyezaliwa Marekani kwao, aliyeimba kwa lugha yao, aliyerekodiwa na makampuni yao na kuonekana katika televisheni zao, aliweza kusahauliwa namna hiyo, je, yule aliyepiga gita lake Katanga akiimba kwa Kiswahili?

Naye huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia. Sileti msafara wa majina. Namleta shahidi mmoja, na kesi yote naiegemeza kwake: Mwenda Jean Bosco, au kama alivyojulikana kwa jina la kwao, Mwenda wa Bayeke.

Bayeke ni watu wa Bunkeya, huko Katanga, ambao mtemi wao Msiri alitoka Usumbwa, upande wetu huu wa Tanzania ya leo, katika karne ya 19, akaenda kuanzisha dola yake kwenye nchi ya shaba. Kwa hiyo Mwenda si mgeni kwetu hata kwa nasaba. Alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka na mashine yake akinasa muziki wa Afrika, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi. Hapo ndipo uliponaswa wimbo wa Masanga. Sauti moja na gita kavu moja, basi. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna wa kumsaidia.

Anayekisikia kwa mara ya kwanza kipande kile huuliza wapigaji walikuwa wangapi. Nimewachezea watu wengi nyumbani kwangu, wengine wenyewe wapigaji, na jibu la kwanza huwa ni wawili. Wapo waliosema watatu. Alikuwa mmoja, tena alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba linatembea chini na mwendo wake, kama mtu anayekwenda kazini asubuhi bila haraka. Cha shahada kinacheza juu na mwendo mwingine, kinatangulia, kinachelewa, kinakatiza njia, kinarudi. Kila kimoja kina shughuli yake, na bado hawagombani. Juu ya hayo yote mwenyewe anaimba, na kuimba kwake hakufuati gumba wala hakufuati cha shahada.

Mimi ni mpigaji wa barazani, si wa jukwaani. Kwa jioni nyingi nimekaa na gita langu kuufuata wimbo huo, na najua unapomshindia mtu. Kuzishika nyuzi si kazi kubwa. Mkono wa kushoto hausumbuliwi sana. Kazi iko katika kuvitenganisha vidole viwili vilivyozaliwa pamoja. Gumba likishaanza kumsikiliza mwenzake, umekwisha. Kuna wapigaji wa haraka mara mbili ya Mwenda ambao hapo hawapiti.

Santuri zake zilitolewa kwa alama ya Gallotone ya Afrika Kusini, na Masanga ikapata tuzo ya Osborn kwa muziki wa Kiafrika wa mwaka 1952. Hapa nitaje jambo dogo ambalo huwashangaza wengi. Kampuni hiyo hiyo ya Gallo ilikuwa pia ikiuza magita ya bei nafuu, na gita alilokuwa nalo John Lennon mwaka 1957, alipokuwa bado kijana wa Liverpool asiyejulikana na yeyote, lilikuwa Gallotone. Nalitaja ili kuwajibu wale wanaosema Katanga ilikuwa mbali mno na dunia. Biashara ilipita njia moja kwenda kote kuwili. Gita lilifika Liverpool, santuri zikafika Nairobi na Dar es Salaam. Aliyesahaulika ni mwenye santuri.

Mwaka 1959 Mwenda alikaa Nairobi, akasikika redioni mpaka katika matangazo ya dawa ya Aspro. Wapigaji wa Kenya walimkodolea macho vidole. Magharibi ya nchi hiyo, ambako kulikuwa na watu hodari kama George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963 angali kijana, mtindo wa gumba na cha shahada ulistawi na kupata sura yake ya kienyeji. Mtaalamu David Rycroft alikaa chini akaandika uchambuzi mrefu wa upigaji wa Mwenda, ukachapwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport huko Marekani. Mwingereza John Low alifunga safari mpaka Katanga, iliyokuwa ikiitwa Shaba wakati huo, kwenda kumtafuta na kujifunza kwake, na mwaka 1982 akatoa kitabu cha safari hiyo. Mwenda alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Basi huyo ndiye mtu wangu. Orodha ya mwaka 2003 haikumwona. Nami nasema kwamba orodha ya wapiga gita wa zama zote isiyo na Mwenda wa Bayeke ni kama orodha ya milima ya Afrika isiyo na Kilimanjaro. Inaweza kuwa na milima mizuri, lakini aliyeiandika hakufika.

Najua majibu yanayotolewa, maana nimeyasikia yote nyumbani kwangu. Mpwa wangu mmoja hupiga gita katika bendi ya hotelini, na hupiga vizuri, hilo halina ubishi. Yeye ndiye mpinzani wangu mkuu katika jambo hili. Siku moja aliniambia, kwa heshima zote, "Mjomba, huyo mzee wako ni fundi, sikatai. Lakini dunia haimjui. Mkubwa wa zama zote lazima ajulikane na dunia."

Nikamwuliza kama anamjua Robert Johnson. Akacheka, nani asiyemjua Robert Johnson? Basi nikamhesabia. Robert Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, katika safari mbili huko Texas, mwaka 1936 na mwaka 1937. Mwaka 1938 akafa, naye ana umri wa miaka 27. Alipokufa alijulikana na watu wachache wa Mississippi na kandokando yake, pamoja na wakusanyaji santuri wa kuhesabika. Mpaka mwaka 1961, kampuni ya Columbia ilipokusanya nyimbo zake katika santuri ndefu, vijana wa Uingereza wakazisikia, wakazipiga, wakamsema kila walikopita. Katika orodha ya mwaka 2003 alikuwa nambari 5. Sina kinyongo naye. Alikuwa mkubwa kweli. Lakini hakujulikana kwanza ndipo akawa mkubwa. Alikuwa mkubwa, kisha akapata wa kumsemea. Mwenda alikuwa na tuzo, redio, uchambuzi wa kitaalamu na jukwaa la Marekani akiwa hai. Alichokosa ni wasemaji wenye magazeti. Kukosa msemaji si kasoro ya mpigaji.

Mpwa wangu hakukata tamaa. "Haya Mjomba, lakini muziki wao ni mwepesi. Mishiko mitatu tu ya vidole, inazunguka palepale mpaka mwisho wa wimbo."

Hoja hii huipenda sana watu waliosoma muziki kidogo. Mishiko mitatu! Na Chuck Berry je, ambaye orodha ya mwaka 2003 ilimpa nambari 6 na ile ya mwaka 2023 ikampandisha hadi nambari 2? Nyimbo zake nyingi zina mishiko hiyo hiyo mitatu. Na John Lee Hooker, aliyejenga jina lake kwa nyimbo zinazokaa juu ya mshiko mmoja mwanzo hadi mwisho? Hao tukiwasikia twasema wamefika kwenye kiini, wameacha mapambo. Mwafrika akifanya hivyo twasema hajui zaidi. Kwa nini kitu kimoja kiitwe hekima kikitoka Chicago na kiitwe ufukara kikitoka Likasi? Jiwe la mizani ni lile lile, ila mwenye duka ameweka kidole.

Jibu la tatu ndilo zito, nami nalipa heshima yake. Husemwa kwamba ukubwa wa mpiga gita huonekana katika solo: pale bendi nzima inaporudi nyuma, mtu mmoja anatoka mbele, anasimama peke yake na kuonyesha alichonacho. Kwa kipimo hicho, wanasema, wapigaji wetu hawatoki mbele vya kutosha.

Ni kweli kwamba kipimo hicho kipo. Lakini ni nani aliyesema ndicho pekee? Huko kwao muziki wa gita ulikua ukimtukuza mtu aliyejitenga na wenzake. Kwetu ulikua ukiyatukuza mazungumzo. Sikiliza bendi yoyote nzuri ya dansi, ya Kinshasa, ya Dar es Salaam au ya Nairobi. Kuna gita la solo, kuna la rithim, mara nyingi kuna jingine katikati yao, halafu kuna besi. Solo akisema neno, rithim hamwachi alimalize peke yake. Wa katikati anadakia. Besi anacheka chini kwa chini. Wimbo ukiingia kwenye sebene, huwezi tena kusema hili limetoka kwa nani. Hayo ni mazungumzo ya watu wenye adabu, ambao kila mmoja anajua wakati wa kunyamaza.

Na hata hivyo, katikati ya mazungumzo hayo walikuwapo watu ambao sauti yao unaitambua kabla hawajamaliza kifungu. Nicolas Kasanda, Dokta Nico, aliyefariki mwaka 1985, alikuwa na African Jazz huko Brussels mwaka 1960, siku zile Wakongo walipokuwa wakijadiliana na Wabelgiji juu ya uhuru wao. Gita lake lilikuwa tamu na safi, kila sauti imetawadha kabla ya kutoka. Franco Luambo alikuwa kinyume chake. Yeye aliushambulia uzi, akarudia kitu kimoja mpaka kikawa kama msumari, na watu wakainuka vitini. Aliiongoza OK Jazz tangu ujana wake, kwa zaidi ya miaka 30, na alipofariki Oktoba 1989 serikali ya Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo. Nchi yetu ilimpata Mbaraka Mwinshehe, aliyeimba na kupiga solo yeye mwenyewe, kwanza katika Morogoro Jazz, ambayo ilifika hadi kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, kisha katika Super Volcano. Ajali ya gari Mombasa ilimchukua mwaka 1979, ana umri wa miaka 34. Naye D. O. Misiani, mtu wa Shirati, Tanzania, aliyejenga jina lake Kenya, aliliendesha gita la benga kwa kasi ambayo wengi wa hao wenye solo ndefu wangeachwa nyuma njiani.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi si wa mpiga solo. Mchukue Profesa Omar Shabani wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na Watanzania pamoja na Wakenya. Yeye alipiga rithim. Wimbo wa Sina Makosa unaimbwa hadi leo na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka; wanauimba Zanzibar, wanauimba Kisumu, wanauimba na watoto wa Waswahili walioko Muscat na London. John Ngereza wanamkumbuka, na ni haki yake. Lakini siku nyingine ukiusikiliza, yaache maneno, iache solo, fuata lile gita la pili linalokwaruza pembeni, halipandi wala halishuki. Hilo ndilo linalokuinua miguu. Liondoe, na wimbo utakaa chini kama hema lililong'olewa mambo. Kwa mizani ya solo, mtu huyo hana uzito hata kidogo. Mizani isiyoweza kumpima mtu aliyeubeba wimbo mzima ni mizani mbovu, na dawa yake ni kutupwa.

Nilipofika hapo, mpwa wangu alikunja mikono akasema, "Basi, Mjomba, tutengeneze orodha yetu wenyewe. Wa kwanza Franco, wa pili Mbaraka, na wao wabaki na yao."

La hasha. Hapo ndipo ninapoachana na wenzangu wengi wanaoshangilia sehemu ya kwanza ya hoja yangu. Wapo wanaotaka tulipe kwa sarafu ile ile: kwa kuwa wametusahau, nasi tuwasahau, na kwa kuwa mtu ni wa kwetu, basi ni mkubwa. Huo si usikivu. Ni bendera tu. Nimewahi kumsikia mtu akiapa kwamba Mbaraka ni zaidi ya Hendrix, na nilipomwuliza amesikia nini cha Hendrix, akasema hana haja ya kusikia. Huyo na wale wa mwaka 2003 ni ndugu wa tumbo moja. Wote wametoa hukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Ninachotaka ni mizani moja kwa wote, nami naitaja hadharani ili wenye kuipinga wapate pa kushika. Nauliza maswali matatu. Je, baada ya mtu huyo, gita lilipigwa vingine? Je, ukimtoa yeye katika wimbo, kinabaki nini? Je, wapigaji wenzake walikaa chini kumfuatiliza kidole kwa kidole? Sijali alipiga kwa kasi gani, alijulikana na watu wangapi, au aliuza santuri ngapi. Hendrix anayapita maswali hayo bila jasho. Robert Johnson anapita. Mama Rosetta Tharpe anapita, na alikuwa amepita tangu zamani wakati wapimaji wamelala. Franco na Nico wanapita. Omar Shabani analipita swali la pili kuliko wengi wenye majina makubwa. Na Mwenda wa Bayeke anayapita yote matatu akiwa na gita kavu na vidole viwili.

Pengine msomaji ataniuliza yote haya ni ya nini. Orodha ni mchezo. Watu wanafurahisha baraza, wanakunywa kahawa, wanaagana. Ningekubali kama isingekuwa kwamba mchezo huu una malipo. Jina likiingia kwenye orodha, santuri zake huchapwa upya. Kanda zake husafishwa. Vitabu vya mafunzo huandikwa kwa mtindo wake, na kijana anayenunua gita leo huvikuta dukani. Jina likibaki nje, kanda inabaki kwenye rafu, inaota ukungu. Kwa miaka mingi bendi za Tanzania zilirekodi kazi zao katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo nyingi hazikupata kuwa na nakala nyingine popote isipokuwa kanda ile ya maktaba. Wimbo wa namna hiyo ukiharibika, umekufa. Hakuna Columbia itakayokuja kuufufua baada ya miaka 23.

Na hapa sitawalaumu Wamarekani. Wao hawajui; sisi je? Niliwahi kuusikia Masanga ukipigwa katika kituo kimoja cha redio cha hapa nchini, na mtangazaji, kijana mwenye sauti nzuri, akasema tumesikia wimbo wa zamani wa Kikongo, mpigaji hajulikani. Hajulikani! Mtu aliyetafutwa na Waingereza kwa miguu, aliyeimba kwa Kiswahili, lugha anayoitumia mtangazaji yule yule kumtangaza kuwa hajulikani. Niliandika barua kituoni. Sikujibiwa, na wimbo ulirudiwa wiki iliyofuata kwa maneno yale yale.

Tazama pia santuri zetu za zamani. Jina la bendi lipo, jina la mtunzi lipo, mara nyingine jina la mwimbaji. Wapiga magita ni wanne, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa. Mashabiki wa siku zile walijua nani anapiga nini kwa sababu waliwaona ukumbini. Mashabiki hao sasa ni wazee, na kila mwezi tunamzika mmoja pamoja na alichokijua. Tunawadai wageni kumbukumbu ambayo wenyewe hatukuiandika.

Basi kazi iko hapa kwetu, na haihitaji gazeti la Marekani wala ruhusa ya wizara. Kila mwenye mjomba, baba au jirani aliyepiga katika bendi, amfuate akiwa bado anakumbuka. Amchezee wimbo, amwulize: hili la solo nani, hili la rithim nani, hili la katikati nani. Aandike kwa kalamu, aweke na mwaka. Anayefundisha vijana gita na awafundishe Hendrix, ndiyo, na siku ya pili awape Masanga, awaambie watumie gumba na cha shahada tu, aone nani atafika mwisho. Mpwa wangu nimempa kanda. Bado anabisha, lakini juzi mkewe amenilalamikia kwamba usiku halali, anapigapiga meza kwa vidole viwili.